Ziwa Tanganyika na Bahari ya Aktiki: Historia ya Fikra Kuhusu Ufa wa Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Eneo la Fizi, katika mkoa wa Kivu ya Kusini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina sura mbili. Chini ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako umejengwa mji wa Baraka, mji wa wavuvi, wakulima na wafanyabiashara. Juu, upande wa magharibi, ni milima, na barabara itokayo Baraka kwenda Fizi haina budi kuipanda. Kati ya sura hizo mbili umesimama ukuta wa miamba. Ukuta huo haukuchongwa na mto. Ni ukingo wa mahali ambapo bara la Afrika linapasuka.

Makala haya yanachunguza jinsi maelezo ya wataalamu kuhusu asili ya ziwa hilo na ukuta huo yalivyobadilika tangu mwaka 1858 hadi siku zetu. Hoja yetu kuu ni kwamba kwa muda mrefu swali lenyewe liliulizwa kinyumenyume. Iliulizwa ni bahari gani ya kale iliyoyaacha maji yake katikati ya Afrika. Swali lililozaa matunda lilikuwa jingine: je, ziwa la namna hii laweza kuwa mwanzo wa bahari? Ili kulijadili swali hilo la pili itatubidi twende mbali, hadi Bahari ya Aktiki iliyoko kwenye Ncha ya Kaskazini ya dunia. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari hiyo nayo ilizaliwa kwa kupasuka kwa bara, na kwa mamilioni ya miaka maji yake yalikuwa na tabia za ziwa. Baada ya ulinganisho huo tutarudi Fizi na Baraka, tutazame maarifa haya yanawahusu vipi watu waishio juu ya ufa, na yanaidai nini lugha ya Kiswahili.

2. Kisiwa kisichokuwa kisiwa: 1858 hadi 1880

Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mnamo Februari 1858, kwa kufuata njia ya misafara iliyokwisha kuzoewa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Baadaye mwaka huo walisafiri kwa mitumbwi kuelekea kaskazini, wakavuka ziwa hadi Ubwari, kisha wakafuata ufuko wa magharibi mpaka Uvira. Nia yao ilikuwa kuujua mto Rusizi: je, hutoka ziwani na kwenda kuulisha mto Naili, au huingia ziwani? Huko Uvira wana wa mtawala Maruta waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi huingia. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, ubishi uliendelea Ulaya kwa miaka 13, mpaka David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokwenda kuutazama mto huo Novemba 1871 na kukuta kuwa wenyeji walisema kweli.

Kisa cha Ubwari kinatufaa zaidi hapa. Burton aliiandika Ubwari kuwa kisiwa. Yeye na mwenzake walipita upande wa kaskazini, ambako maji yanaonekana pande zote, wala hawakuingia ndani hadi mahali ambapo Ubwari inaungana na bara. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua kwa muda wa siku 51, akathibitisha kwamba Ubwari ni peninsula. Maji yaliyo kati yake na pwani ya Baraka aliyaita Ghuba ya Burton. Jina hilo lingali katika ramani hadi leo, nalo ni jina la mtu aliyeipita ghuba hiyo bila kutambua kwamba ni ghuba.

Kwa macho ya elimu ya miamba, Ubwari ni ushahidi mkubwa kuliko wasafiri hao walivyoweza kujua. Ni kipande cha ganda la dunia kilichobaki juu wakati pande zake mbili zilipodidimia: upande mmoja ukawa ghuba, upande wa pili ukawa kina kikuu cha ziwa. Burton mwenyewe alilifikiria ziwa kuwa shimo lililotokana na kudidimia kwa namna ya volkeno. Alikosea kuhusu volkeno, ila wazo la kudidimia halikuwa mbali na ukweli.

Fumbo jingine la miaka hiyo lilikuwa la njia ya kutokea maji. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliuona mto Lukuga kwenye ufuko wa magharibi na kudai kwamba ndio mlango wa ziwa. Stanley, alipofika mwaka 1876, aliukuta umezibwa na matope na majani. Maji yalizidi kupanda mpaka mnamo 1878 yakalivunja zuio hilo. Edward Coode Hore wa Chama cha Wamisionari cha London, aliyekuja kuishi Ujiji mwaka huohuo, pamoja na mpelelezi Joseph Thomson, waliuona Lukuga ukitiririka kwa nguvu kuelekea mto Lualaba. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban meta 10. Kwa hiyo Cameron na Stanley hawakupingana kwa kuwa mmoja wao alidanganya. Kila mmoja aliliona ziwa katika hali tofauti.

3. Suala la Tanganyika: je, ziwa ni masalio ya bahari?

Kabla maswali ya mito hayajaisha, lilizuka swali la viumbe. Makombe ya konokono yaliyopelekwa Ulaya kutoka Tanganyika yalifanana kwa umbo na ya konokono wa baharini: mazito, yenye miiba na mapambo. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani humo kiwavi-maji mdogo wa jamii ya wale wanaoelea baharini. Wataalamu walishangaa: mnyama wa aina hiyo amefikaje kwenye maji matamu, mamia ya kilometa kutoka pwani, na katika ziwa lililo meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari?

Mwanabiolojia wa Kiingereza J.E.S. Moore aliongoza safari mbili za utafiti, ya kwanza mwaka 1895 na ya pili mwaka 1899, na mwaka 1903 akachapisha kitabu alichokipa jina lenye maana ya Suala la Tanganyika. Jibu lake lilikuwa kwamba ziwa ni masalio ya bahari ya zama za Jura, bahari iliyowahi kufika katikati ya Afrika, ikajitenga, kisha ikapoteza chumvi yake polepole. Viumbe wa ajabu wa Tanganyika, kwa maoni yake, walikuwa kizazi cha wale walionaswa humo.

Ilikuwa nadharia ya kuvutia, na ilijengwa juu ya jambo lililoonekana kwa macho. Lakini haikustahimili uchunguzi. Safari iliyofuata, iliyoongozwa na William Cunnington mwaka 1904 na 1905, ilikusanya viumbe wengi zaidi, na mkusanyo huo ulielekeza fikra kwingine: viumbe hao ni jamii za maji matamu zilizoishi kwa upweke kwa muda mrefu mno mpaka zikabuni maumbo yao zenyewe. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba konokono wa Tanganyika walijijengea makombe magumu kwa sababu ya kuwindwa na kaa wenye magando yenye nguvu. Kufanana kwao na konokono wa baharini kulitokana na kufanana kwa maisha, wala si kwa ukoo. Pia miamba inayolizunguka ziwa haikutoa mashapo ya bahari ya Jura ambayo Moore aliyahitaji.

Hata hivyo, Moore aliacha jambo moja lenye thamani. Alilazimisha swali la umri. Ziwa la kawaida hujaa matope na kufa baada ya maelfu ya miaka. Ziwa lililowapa viumbe nafasi ya kubadilika kiasi hicho lazima liwe la kale sana, na lazima kuwe na kitu kinachozuia lisijae. Kitu hicho ni kupasuka kwa sakafu yake, kunakoendelea kulididimiza.

4. Kuvutwa au kukandamizwa?

Mwaka 1891, mjini Vienna, Eduard Suess alitoa maandishi kuhusu nyufa za Afrika ya Mashariki. Hakuwa amefika Afrika. Alitegemea habari za wasafiri, hasa safari ya Teleki na von Höhnel hadi ziwa linaloitwa leo Turkana. Suess alitambua kwamba mabonde yanayoonekana kutengana katika ramani ni sehemu za mfumo mmoja, na kwamba yametokana na ganda la dunia kuvutwa hata likachanika. Mwaka 1893 John Walter Gregory alikwenda kwa miguu kutoka pwani ya Kenya hadi Ziwa Baringo akiwa na nyundo ya kijiolojia, akayaona kwa macho yake yale ambayo Suess aliyakisia mezani.

Haikupita muda mrefu kabla maoni hayo hayajapingwa. Mwaka 1921 E.J. Wayland, aliyekuwa mjiolojia wa serikali nchini Uganda, alidai kwamba mabonde hayo yametokana na kukandamizwa, si kuvutwa: pande mbili zimesukumana, zikapanda juu ya sehemu ya kati na kuizamisha. Bailey Willis wa Marekani aliunga mkono wazo la kukandamizwa katika kitabu chake cha mwaka 1936, na mwaka huohuo Edward Bullard alizifasiri kwa namna hiyo tarakimu za uzito wa mvutano wa dunia alizozipima Afrika ya Mashariki. Kwa upande mwingine, Alfred Wegener, katika nadharia yake ya mwaka 1912 kuhusu mabara yanayosafiri, aliziona nyufa za Afrika kuwa mfano wa bara linaloanza kugawanyika.

Ubishi huo ulimalizwa na matetemeko yenyewe. Vipimo vilipopatikana vya kutosha, ilionekana kwamba miamba ya eneo la ufa, inapotikisika, huachana. Haisukumani. Hapa nchi ya Kongo ilichangia: Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi ya Afrika ya Kati, iliyoanzishwa mwaka 1947, iliweka vipima-tetemeko Lwiro, karibu na Bukavu, na kazi hiyo ikarithiwa na kituo cha taifa cha utafiti kilichoko hapohapo.

5. Kushuka hadi sakafuni: 1946 hadi 1991

Hadi kufikia katikati ya karne ya 20, ubishi wote huo ulihusu kitu ambacho hapana mtu aliyekiona, yaani sakafu ya ziwa. Mbelgiji Louis Stappers alipima baadhi ya vina kati ya 1911 na 1913. Jina lake limebaki katika jina la kisayansi la samaki ajulikanaye sana katika masoko ya Baraka na Uvira, mgebuka. Kazi kamili zaidi ilifanywa na ujumbe wa Kibelgiji wa mwaka 1946 na 1947, ambapo André Capart alichora ramani ya vina vya ziwa zima. Ramani hiyo ilionyesha kina cha meta 1,310 upande wa kaskazini na meta 1,470 upande wa kusini. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa iko meta 700 hivi chini ya usawa wa bahari.

Mwaka 1983 na 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na Bruce Rosendahl, walitumia mawimbi ya sauti kupenya matope na kusoma miamba iliyo chini yake. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Vitabu vya shule vilikuwa vikichora bonde la ufa kama mfereji wenye kuta mbili zinazolingana. Tanganyika haiko hivyo. Ni mfuatano wa mabonde yaliyoegemea upande mmoja, kila moja kama kitanda kilichovunjika miguu ya ubavu mmoja: upande huu kuna ukuta mrefu wa mpasuko, upande wa pili mwamba umelala kwa mteremko. Ukuta mkuu huhama; mahali fulani huwa magharibi, mbele kidogo huwa mashariki. Ubwari na Ghuba ya Burton vinaeleweka vizuri zaidi katika picha hiyo kuliko katika ile ya zamani.

Mawimbi hayo yalionyesha pia kwamba katika sehemu nyingine za ziwa mashapo yana unene wa kilometa 4 au zaidi. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake waliutumia unene huo, pamoja na kasi ya kutuama kwa matope, kukadiria umri. Waliona kwamba bonde la kati lilianza kudidimia kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, la kaskazini kama miaka milioni 7 au 8, na la kusini baadaye zaidi. Kwa hiyo pwani ya Baraka inatazamana na maji yaliyopo tangu kabla ya binadamu kuwapo duniani.

Ugunduzi uliogusa Fizi moja kwa moja ulitokea Aprili 1987, wakati nchi ikiitwa Zaire. Jean-Jacques Tiercelin na wenzake walikuta matundu yanayotoa maji moto chini ya ziwa katika sehemu mbili za ufuko wa Kongo: Pemba, ambayo isichanganywe na kisiwa cha Pemba cha Bahari ya Hindi, na Rasi ya Banza katika peninsula ya Ubwari. Kati ya Agosti na Oktoba 1991 ujumbe wa Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi ulirudi na wapiga mbizi 10. Walishuka hadi meta 46 kwenye mipasuko iliyo hai, wakapima joto la kati ya nyuzi 53 na 103 za Selsiasi. Pemba walikuta mishipa ya madini ya salfaidi yenye unene wa sentimeta 1 hadi 10. Banza walikuta dohani ndogo za madini ya aragonaiti, ndefu kuliko zote zikiwa na sentimeta 70.

Muundo wa maji hayo unastahili kutajwa, kwa kuwa Kiswahili kina maneno yake tayari. Maji moto ya Pemba yana magadi mengi, sawa na maji ya maziwa Magadi na Bogoria nchini Kenya. Ya Banza yana chumvi ya kawaida, ile ya jikoni. Moore aliitafuta chumvi ya bahari iliyotoweka. Na tazama, chumvi imepatikana Ubwari, lakini inapanda kutoka ndani ya miamba. Matundu ya maji moto yenye salfaidi ni jambo lililofahamika kwanza kwenye sakafu za bahari kuu, mahali ambapo sakafu hizo huzaliwa. Kuyakuta Pemba na Banza kulikuwa kukuta dalili ya bahari mahali pasipo na bahari.

6. Bahari iliyokuwa na tabia za ziwa

Mfano ulio karibu nasi wa ufa uliokuwa bahari ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Tumechagua Aktiki kwa sababu mbili: upasukaji wake ni wa polepole mno kama ule wa Tanganyika, na mashapo yake yamehifadhi kumbukumbu ya hatua iliyo kati ya ziwa na bahari.

Mwaka 1893, mwaka uleule ambao Gregory alikuwa akielekea Baringo, Mnorwei Fridtjof Nansen aliiacha meli yake Fram inaswe na barafu kaskazini ya Siberia ili ichukuliwe na mkondo. Wakati huo wengi waliidhani bahari ya ncha kuwa na kina kidogo. Kamba za Nansen zilishuka zaidi ya meta 3,000. Mwaka 1948 Warusi waligundua safu ya milima chini ya bahari hiyo, wakaiita Lomonosov. Mwaka 1961 Bruce Heezen na Maurice Ewing walieleza, kwa kufuata mstari wa vitovu vya matetemeko, kwamba mpasuko wa katikati ya Bahari ya Atlantiki unaendelea hadi Aktiki. Safu inayofuata mpasuko huo leo huitwa Gakkel.

Maelezo yanayokubalika sasa ni haya. Kama miaka milioni 56 iliyopita, ukingo wa bara la Ulaya na Asia, karibu na Bahari ya Barents, ulichanika. Kipande chembamba cha bara chenye urefu wa kilometa 1,800 hivi kiliachana na mama yake: hicho ndicho safu ya Lomonosov. Katika nafasi iliyobaki nyuma yake mwamba mpya ulipanda kutoka chini na kuwa sakafu ya bahari. Anayeielewa Ubwari, kipande kilichobaki juu huku maji yakijaa pande zake, hapati shida kuielewa Lomonosov, ingawa vipimo vyao havilingani na Ubwari haijaachana na bara.

Mwaka 2004 meli za utafiti zilitoboa safu ya Lomonosov na kutoa mashapo ya zaidi ya meta 400. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya azola, gugu dogo linaloelea juu ya maji matamu, lililostawi huko kama miaka milioni 49 iliyopita. Mashapo ya zama zile ni meusi, ishara kwamba maji ya chini yalikosa oksijeni. Aktiki ilikuwa imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, mito ikiimwagia maji matamu. Hali hiyo ilikwisha takriban miaka milioni 17.5 iliyopita, pale mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ulipopanuka vya kutosha kuruhusu maji ya Atlantiki kuingia na kutoka kwa wingi.

Msomaji anayeijua Tanganyika ataona ndugu. Katika ziwa letu nako oksijeni hutoweka chini ya kina cha meta 100 hadi 200, na matope ya chini ni meusi. Tofauti ni kwamba Aktiki ilipata mlango wa bahari. Tanganyika ina Lukuga tu.

Kasi nayo inafundisha. Safu ya Gakkel hufunguka kwa milimeta 13 hivi kwa mwaka upande wa Greenland, na 6 hivi upande wa Siberia, kasi ndogo kuliko za safu zote za katikati ya bahari. Ufa wa Tanganyika hufunguka kwa milimeta 2 hivi kwa mwaka. Tangu Burton avuke kwenda Ubwari, kingo mbili za ziwa hazijaachana hata kwa nusu meta. Mwishoni mwa safu ya Gakkel, katika Bahari ya Laptev, mpasuko wa bahari unaingia ndani ya bara la Siberia na kugeuka kuwa ufa wa nchi kavu wa aina ya Tanganyika. Mahali hapo hatua mbili za jambo moja zinaonekana zikifuatana.

Pamoja na hayo, haifai kusema kwamba Tanganyika itakuwa bahari. Nyufa nyingi huanza na kukoma. Kaskazini mwa Kenya uko ufa wa Anza, uliofunguka katika zama za mijusi wakubwa, kisha ukafa na kufukiwa. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba ziwa hili ni la jamii ya mwanzo, wala si la jamii ya masalio.

7. Ufa na maisha ya watu

Tukirudi Fizi, tunaona kwamba ufa umeingia katika historia ya binadamu. Ukuta wa milima ulio juu ya ziwa uliwapa maficho wapiganaji wa uasi wa Simba mwaka 1964 na 1965, na ziwa lenyewe, lenye upana wa wastani wa kilometa 50, likawa njia yao ya kupata silaha na wageni kutoka Kigoma. Ernesto Che Guevara alivuka kwa njia hiyo Aprili 1965 na kutua Kibamba. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilifuata sura ileile ya nchi, vikawafanya wakazi wengi wakimbilie ng'ambo, na vikaifanya kazi ya utafiti katika mwambao huo kuwa ngumu na ya hatari.

Hatari ya asili nayo ipo. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7 na ushei, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika ya Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 Bukavu na Rwanda ya magharibi zilitikiswa. Baraka iko juu ya mfumo huohuo wa mipasuko, na nyumba zake nyingi ni za matofali ya udongo, ambayo hayavumilii mtikiso.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kupanda kwa maji ya ziwa, kama kulikotokea mwaka 1964 na tena katika miaka ya 2020, ambapo mitaa ya Uvira, Baraka na Kalemie iliingiliwa na maji, hakusababishwi na kufunguka kwa ufa. Milimeta 2 kwa mwaka haziwezi kuinua ziwa. Sababu ni mvua, pamoja na uwezo mdogo wa Lukuga wa kutoa maji, kama ilivyokuwa kabla ya 1878. Anayejua hivyo atajua pia kwamba maji yaliyopanda huweza kushuka, na yaliyoshuka huweza kurudi. Kujenga kwenye ufuko ulioachwa wazi na maji ni kukopa kwa mkopeshaji ambaye tayari amekuja kudai zaidi ya mara moja.

8. Suala la istilahi

Karibu yote yaliyoelezwa hapo juu yaliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au Kirusi. Mvuvi wa Banza anayetia nyavu zake karibu na dohani za aragonaiti, na mwalimu wa Fizi anayefundisha jiografia, hutumia Kiswahili. Kati yao na maarifa kuhusu nchi yao wenyewe kuna pengo ambalo ni kazi ya wataalamu wa lugha kulipunguza.

Kazi hiyo si ya kuanzia sifuri. Istilahi "bonde la ufa", iliyoenezwa na vitabu vya shule, ina sehemu mbili zisizolingana kwa ubora. Neno "bonde" huleta akilini ardhi iliyochimbwa na mto, na hivyo laweza kupotosha. Neno "ufa" ni sahihi kabisa: ni mwachano katika kitu kilichokuwa kimoja, kama ukuta wa nyumba, na mara nyingi huanza mwembamba na kupanuka polepole. Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Tanganyika hauzibiki, lakini methali inabeba kiini cha elimu yenyewe, yaani kwamba kidogo kinachoendelea huishia kuwa kikubwa. Ndiyo maana tunaona ni heri kusema "ufa wa Tanganyika" pale inapozungumzwa miamba, na kuliacha "bonde" kwa sura ya nchi.

Kadhalika "magadi", "mashapo", "dohani" na "chemchemi" ni maneno yaliyoko katika matumizi, nayo yanatosha kueleza matokeo ya mwaka 1991 bila kukopa. Yanayohitaji kutoholewa ni machache, kama aragonaiti na salfaidi, nayo hayamzuii msomaji kufuata hoja.

9. Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba maarifa kuhusu ziwa hili hayakusonga kwa mstari ulionyooka. Jibu la wenyeji wa Uvira kuhusu Rusizi lilingoja miaka 13 kukubaliwa. Ubwari ilikuwa kisiwa kwa miaka 18. Nadharia ya Moore ilianguka, lakini swali lake la umri likabaki na kujibiwa kwa njia ambayo hakuitarajia. Nadharia ya kukandamizwa ilipata watetezi hodari kabla ya kukataliwa na vipimo. Katika kila hatua, kilichobadili fikra ni mtu kwenda mahali penyewe na kupima: kina, tabaka za matope, joto la maji, mwelekeo wa mtikiso.

Ulinganisho na Aktiki nao umetupa kipimo cha wakati. Bahari hiyo ilihitaji takriban miaka milioni 40 tangu kuchanika kwa bara hadi kupata mlango mpana wa kupitisha maji ya Atlantiki. Ufa wa Tanganyika una kama milioni 12 tu. Watu wa Fizi na Baraka hawana haja ya kujiuliza bahari itafika lini. Wanahitaji kujua ni wapi mipasuko hai inapita chini ya makazi yao, ni nyumba gani itasimama tetemeko litakapotokea, na ni hadi wapi maji ya ziwa yaliwahi kufika. Maswali hayo yana majibu, na mengine yamekwisha kuandikwa. Yangali kuandikwa kwa lugha inayosomwa Baraka.